Mlinzi wa Kitanda Namba Tatu

Jumanne, saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, muuguzi wa zamu katika wodi ya wagonjwa mahututi alisimama miguuni pa kitanda namba tatu na kuona jambo ambalo halikumwingia akilini. Kioo cha mashine ya kupumulia kilionyesha kwamba mambo ni shwari. Hewa inaingia, hewa inatoka, mapigo ya moyo sabini na mawili. Lakini kifua cha mzee aliyelala pale hakikuwa kikipanda wala kushuka. Muuguzi akatazama saa iliyoandikwa pembeni mwa kioo, ikasema saa mbili na dakika sita. Akatazama saa ya ukutani. Ndipo alipochomoa mrija wa mashine, akanyakua mfuko wa kukamulia hewa kwa mkono, na kuita daktari kwa sauti iliyofika hadi chumba cha dawa.

Alikamua kwa dakika arobaini, na mzee hakurudi. Mashine ilikuwa imesukumwa ukutani ili madaktari wapate nafasi, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Ilikaa pale imewaka, saa yake imeganda kwenye mbili na dakika sita, mpaka saa nne kamili, fundi wa hospitali alipokuja kuchomoa waya. Muda wote huo haikutoa hata mlio mmoja. Muuguzi aliyaandika hayo yote polisi, kwa mwandiko safi, na kesho yake akasimamishwa kazi kwa tuhuma kwamba alizima kengele ili asinzie. Mwanamke amekamua hewa mpaka vidole vimemvimba, halafu anaambiwa alikuwa amelala. Hiyo ilikuwa dhuluma ya kwanza.

Marehemu alikuwa fundi redio mstaafu. Binti yake, mtoto wake wa mwisho, alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na hapo chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mwalimu. Alimzika baba yake Alhamisi. Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Inspekta wa polisi aligonga mlango wa ofisi yake, akaketi kwenye kiti kilichomlalamikia uzito, na kuweka mezani karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa barua ya kampuni iliyotengeneza mashine. Barua ilisema ndani ya programu ya mashine kuna sehemu inayoitwa mlinzi. Kila sekunde pampu ya hewa inatakiwa kumpa mlinzi huyo salamu. Sekunde mbili zikipita bila salamu, mlinzi anapiga kengele na kuiwasha pampu upya. Sasa, kwa mujibu wa barua, mmoja wa waandishi wa programu, kijana ambaye wenzake walimpa jina la Kobe kwa jinsi anavyofanya kazi polepole, alikuwa ameingiza mabadiliko Alhamisi, siku tano kabla ya kifo. Mbili ikawa elfu mbili. Mstari wenyewe ulichapishwa chini ya barua, umepigiwa wino mwekundu, na jina la Kobe pembeni. Kobe alikuwa mahabusu tangu Ijumaa.

Karatasi ya pili ilikuwa tamko la familia, linalosema kwamba wao wanaamini uzembe wa mtu huyu ndio uliomuua baba yao. Kaka zake wawili walikwishatia sahihi. Kesi ingesomwa Jumatano saa tatu asubuhi, na Inspekta alieleza bila kuficha kwamba tamko lenye sahihi ya mtaalamu wa kompyuta, tena mtoto wa marehemu, lingemfunga Kobe miaka mingi.

Mwalimu alishika kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi hasira yake ilikuwa imepata mtu wa kumwangukia. Sekunde elfu mbili! Mtu anaandika namba kama hiyo kwenye mashine inayompumulia mgonjwa, kisha anakwenda kula chakula cha mchana. Aliiweka ncha ya kalamu kwenye mstari, halafu akaiinua.

Kilichomzuia ni mazoea tu ya nyumbani kwao. Baba yake hakuwa anagusa redio kabla hajachukua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo tumboni, akagusa waya mmoja mmoja kuona upi una umeme na upi ni pambo. Mteja angekuja na maelezo marefu, na mchoro juu, mzee angesikiliza kwa adabu zote, kisha angechukua testa.

"Hii ni karatasi moja, Afande," alisema. "Msimbo, yaani maandishi ya programu ya mashine hii, ni mamilioni ya mistari. Uliobaki uko wapi?"

Inspekta alitoa diski mfukoni. Ilikuwa nakala ya ghala zima la msimbo la kampuni, iliyochukuliwa kwa amri ya mahakama, na hakuna mtu pale kituoni aliyejua aifungulie wapi. Mwalimu akamwomba hadi kesho, na Inspekta akabaki kutazama.

Alianza saa tano. Alimweleza Inspekta kwamba wanachotafuta kipo kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, ile sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe. Inspekta akauliza kama ni sawa na kokwa ndani ya tunda, na tangu hapo hakuiita kwa jina lingine. Kuisoma kokwa hiyo faili moja moja ni kazi ya kichaa, kwa hiyo Mwalimu alifungua IDE, programu ambayo waandishi wa msimbo hufanyia kazi zao, inayojua kila jina limetokea wapi na linaitwa na nani. Unabofya jina, inakupeleka lilipozaliwa.

Ila ukiitupia kerneli nzima bila maelekezo, IDE yenyewe inapotea. Mwalimu alijua hivyo, lakini hasira ilimharakisha, akaitupia. Mafaili elfu sitini yakaingia. Feni ya kompyuta ikaanza kunguruma. Alipobofya jina la kazi inayomwamsha mlinzi, IDE ilimwambia imezaliwa mahali kumi na tisa.

"Mahali kumi na tisa?" Inspekta aliuliza. "Ina baba kumi na tisa?"

Mwalimu akamweleza. Kerneli huandikwa kwa ajili ya kila aina ya mashine duniani, kwa hiyo ndani yake kuna vitu ambavyo mashine yako haitavitumia kamwe. Anayeijenga huwa na orodha: hiki ndiyo, kile hapana. Kilichoandikiwa hapana kinabaki kwenye ghala kama maandishi tu, hakiingii kwenye mashine. Ukitaka IDE isipotee, jenga kerneli kwa orodha hiyo hiyo ya mashine yako, weka kumbukumbu ya kila faili lililojengwa, kisha ipe IDE kumbukumbu hiyo. Hapo itasoma yale tu yaliyo hai.

Akaichukua orodha iliyokuwa ghalani, akaanza kujenga. Kazi hiyo ingechukua saa mbili, na Inspekta alizitumia kumsomea daftari lake la mahojiano ya Ijumaa.

Mkuu wa Programu wa kampuni alimpokea kwa ukarimu wa kupita kiasi. Alisema yeye hajagusa msimbo kwa miaka minne, kazi yake ni kuongoza. Programu iliyomo kwenye mashine ile ilijengwa na Kobe Alhamisi jioni, kwenye kompyuta ya Kobe. Jumamosi ofisi ilifungwa saa saba mchana. Jumatatu mashine zilionyeshwa kwa wakaguzi wa wizara, zikafanya kazi saa tano mfululizo bila tatizo, na alasiri hiyo zikapelekwa wodini. Mkuu alimtembeza Inspekta ofisini na kumwonyesha jinsi kila kompyuta ilivyopewa jina la ndege, limebandikwa juu ya kioo. Ya Kobe ni Njiwa. Ya mwanamke anayejaribu programu, Mama Majaribio, ni Kunguru. Ya Mkuu mwenyewe ni Mwewe, na alicheka sana alipoisema hiyo.

Mama Majaribio hakucheka. Alijibu kwa neno moja moja, akalia mara mbili, na alipoulizwa cheti cha majaribio alitoa karatasi ya Jumatatu asubuhi yenye sahihi yake lakini haina saa wala matokeo. Inspekta alikuwa amepiga duara jina lake kwenye daftari. Alisema mwanamke yule anaficha kitu, na kama si Kobe basi ni yeye.

Saa nane na nusu IDE ilimaliza kusoma. Safari hii Mwalimu alipobofya, alipelekwa mahali pamoja tu, kwenye faili la mlinzi, na mstari ulikuwapo. Elfu mbili. Jina la Kobe, tarehe ya Alhamisi. Maandishi yalikuwa yaking'aa kwa rangi zake zote, maana yake ni hai. Pampu inamwita mlinzi, mlinzi anaisoma namba, namba ni elfu mbili. Alifuata njia hiyo mara tatu, mwanzo hadi mwisho, na haikuwa na pengo.

Alifunga kompyuta kwa kishindo. Alitaka kumwona mtu huyo uso kwa uso kabla hajatia sahihi.

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye benchi la kituo cha polisi, alimkuta mama mmoja amepakata mfuko wa nguo za kubadilisha. Mama yule aliinuka.

"Mwanangu, pole na msiba," alisema. "Mimi ndiye mama yake yule kijana."

Mwalimu alipita bila kujibu. Alijua ni utovu wa adabu, alijua baba yake angemrudisha pale pale akamwamkie mtu mzima, na hakujali.

Kobe aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, na alikaa akiitazama meza. Mwalimu hakumsalimu. Alimwambia yeye ni nani, akamwambia baba yake alikuwa na miaka sabini na mmoja, aliingia hospitali kwa homa ya mapafu, akahamishiwa mashine hiyo mpya Jumatatu jioni, na alikuwa anapata nafuu, daktari alishaanza kuzungumzia kumtoa kwenye mashine. Akamwambia ameusoma msimbo mwenyewe, kwa IDE yake mwenyewe. Sauti yake ilipanda mpaka askari wa mlangoni akachungulia.

Kobe alisubiri amalize. Kisha akasema mstari ule si wake, na Mwalimu akamjibu kwamba kila mahabusu nchi nzima ana maneno hayo hayo.

"Sawa, dada," Kobe alisema. "Naomba kuuliza kitu kimoja. Kengele ililia saa ngapi?"

"Haikulia. Ndiyo maana baba yangu kafa."

"Najua haikulia mapema. Nauliza baadaye. Sekunde elfu mbili ni dakika thelathini na tatu. Mashine iliganda saa mbili na dakika sita. Mlinzi akiwapo, hata mvivu kiasi hicho, ilibidi alie kwenye saa mbili na dakika thelathini na tisa. Mashine ilizimwa saa ngapi?"

Inspekta, aliyekuwa ameegemea ukuta, alifungua daftari. Maelezo ya muuguzi, ukurasa wa pili. Iliachwa imewaka mpaka saa nne kamili, haikutoa hata mlio mmoja.

Mwalimu alihisi hasira yake imekosa pa kusimama, na hilo lilimuudhi kuliko hasira yenyewe. Alikuwa amefuata njia ile mara tatu.

"Dada, hiyo IDE uliipa orodha gani?" Kobe aliuliza.

"Iliyo ghalani."

"Kachukue ya mashine," Kobe alisema. "Mimi huwa naiambia kerneli ibebe nakala ya orodha yake tumboni. Wenzangu wananicheka, wanasema najaza nafasi bure. Lakini mtu akifika na mashine mbovu, nataka kujua kilichomo humo ndani, si kile kilichoandikwa ofisini."

Hivyo ndivyo baba yake Mwalimu angesema, na kumsikia mtu huyu akiyasema kulimchoma. Alimgeukia Inspekta kwa ukali. Kwa nini hakuna aliyemuuliza kijana huyu swali lolote la maana kwa siku nne? Inspekta alijibu kwamba hawakujua waulize nini, na kwa heshima yake lazima isemwe hakujitetea zaidi ya hapo.

Saa sita mchana walikuwa kwenye stoo ya hospitali. Inspekta alikata lakiri ya polisi, fundi wa hospitali akaiwasha mashine, na Mwalimu akaunganisha waya kwenye kompyuta yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Alitarajia atashindwa kuigusa, lakini mikono ilifanya kazi yenyewe. Alinakili vitu viwili, orodha iliyomo ndani ya kerneli na ule mstari mmoja ambao kila kerneli hujitambulisha kwao: lini imejengwa na kwenye kompyuta gani. Mstari huo aliusoma mara moja, akampa Inspekta ausome. Inspekta alirudi kwenye daftari lake la Ijumaa na kuchora duara jipya.

Ilibaki kujenga upya. Alijenga pale pale, juu ya kreti la chupa za dripu, feni ikinguruma. Saa nane na dakika ishirini alilifungua faili la mlinzi kwenye IDE. Rangi zote zilikuwa zimefifia. Juu ya faili kulikuwa na utepe wa manjano wenye maneno machache yanayosema faili hili si sehemu ya mradi. Alidhani amekosea. Akafuta, akarudia, utepe ukarudi.

Kisha akaitafuta kwenye orodha ya mashine ile sehemu ya mlinzi. Ilikuwa na jibu moja. Hapana.

"Hajalegezwa," alimwambia Inspekta. "Hajapunguziwa kasi. Hayumo. Wamemtoa, Afande, wakamweka baba yangu kwenye kitanda kisicho na mlinzi."

Alisema hayo taratibu, na Inspekta aliandika baadaye kwamba hapo ndipo alipomwogopa.

Kituo kilichofuata kilikuwa nyumbani kwa Mama Majaribio, maana hakuwa amekwenda kazini. Aliwafungulia mlango, akaiona kompyuta kwapani mwa Mwalimu, akaketi bila kukaribisha mtu. Inspekta alimuuliza kuhusu cheti kisicho na matokeo. Akaenda chumbani na kurudi na bahasha.

Ndani mlikuwa na matokeo ya Alhamisi, programu ya Kobe. Pampu ilikwama mara nne kwa siku moja. Mara zote nne mlinzi alipiga kengele baada ya sekunde mbili na kuiamsha. Chini Mama Majaribio alikuwa ameandika kwamba programu ni nzima, vali ya pampu, mlango wa kupitishia hewa, ndiyo mbovu, mashine zisitoke. Alimpelekea Mkuu Ijumaa. Jumatatu asubuhi Mkuu alimwekea mbele cheti kipya na kumwambia vali zimetengenezwa, wakaguzi wako mlangoni, weka sahihi, na yeye akaweka bila kujaribu chochote.

"Nina watoto watatu," alisema. "Najua si jibu."

"Si jibu," Mwalimu alisema.

Saa kumi alasiri waliketi watano kwenye chumba cha mikutano cha kampuni: Inspekta, Mwalimu, Mama Majaribio, Kobe aliyeletwa na askari, na Mkuu wa Programu kwenye kiti chake cha kuzunguka. Mkuu aliwapa pole, akamwita Mwalimu dada yangu, akaagiza chai ambayo hakuna aliyeigusa. Mwalimu aliunganisha kompyuta yake kwenye kioo kikubwa cha ukutani.

Alianza na orodha ya ghalani. Faili la mlinzi liling'aa, na namba ya elfu mbili ikaonekana na wote. Mkuu alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema ndivyo alivyoandika kwenye barua. Mwalimu alibadilisha, akaweka orodha iliyotoka tumboni mwa mashine. Rangi zikafifia na utepe wa manjano ukatokea.

"Unajua hii maana yake nini?" alimuuliza.

Mkuu alikodoa macho. Alisema hizo programu za kisasa zina makosa mengi, yeye binafsi anatafuta kwa neno tu na anapata anachotaka. Kobe, aliyekuwa hajainua kichwa tangu aingie, aliinua.

"Ulitafuta neno ukaliona," Mwalimu alisema, "ukaweka elfu mbili pembeni yake, kwa jina la Kobe. Ghala lina orodha inayosema mlinzi yumo. Mashine ina orodha inayosema hayumo. Moja imerekebishwa baada ya kifo, na si hii ya mashine, kwa sababu hii imefungiwa na lakiri ya polisi tangu siku ile."

Mkuu alisema huyo huyo Kobe ndiye anayejenga programu, kwa hiyo kama orodha ilibadilishwa aliibadilisha yeye. Inspekta alikohoa. Alimwomba arudie ni lini programu hii ilijengwa.

"Alhamisi. Nilishakwambia. Kwenye kompyuta yake."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ofisi ilifungwa saa saba."

Mwalimu alifungua mstari wa utambulisho wa kerneli, akaukuza mpaka ukajaza ukuta. Imejengwa Jumamosi, saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili jioni. Kompyuta: Mwewe.

Hakuna aliyegeuka kutazama kioo cha kompyuta ya Mkuu kupitia mlango wa vioo, lakini kila mtu alijua kibandiko kiko pale. Inspekta alisema kwa upole kwamba mlinzi wa geti ana daftari lake pia, na kwamba gari la Mkuu liliingia Jumamosi saa kumi na kutoka saa kumi na mbili kasoro. Aliongeza kwamba alipita getini kabla ya kupanda juu.

Mkuu alijaribu njia mbili tatu. Alisema mtu angeweza kutumia kompyuta yake. Alimtazama Mama Majaribio, na Mama Majaribio akaisukuma bahasha katikati ya meza. Baada ya hapo kiti kiliacha kuzunguka.

Alieleza kama mtu anayewaonea huruma wasioelewa mambo. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Vali mpya zingefika baada ya wiki mbili. Mashine zingepiga kengele na kujiwasha upya mbele ya wageni, na miaka sita ya kazi ya watu arobaini ingekwenda na maji. Kwa hiyo Jumamosi alibadilisha neno moja tu, ndiyo ikawa hapana, ili mashine zitulie kwa siku moja. Alikusudia kulirudisha Jumatatu hiyo hiyo jioni. Lakini wakaguzi walifurahi, zikapigwa picha, na hospitali ikaja kuchukua mashine zake yeye akiwa bado anasindikiza wageni. Jumanne, aliposikia, aliogopa. Alirudisha orodha ya ghalani, akaandika ule mstari na kuutia tarehe ya nyuma. Kobe hana watoto, alisema, ni kijana, angeanza upya mahali pengine.

Kobe alisikiliza akiwa amefumba mikono yake juu ya meza. "Mama yangu yuko benchini pale kituoni tangu Ijumaa," alisema.

Mkuu alimgeukia Mwalimu, na hapo kwa mara ya kwanza alionekana anataka kueleweka kweli.

"Mimi si muuaji, dada yangu. Usinione hivyo. Sikusahau moja kwa moja. Nilikumbuka, tena mwenyewe, bila kukumbushwa na mtu. Nilikuwa mezani nyumbani, nakunywa chai. Nikasema nikifika tu ofisini, kitu cha kwanza, namtuma fundi wodini."

"Ulikumbuka siku gani?"

"Jumanne ile ile."

"Saa ngapi?"

"Taarifa ya habari ilikuwa haijaanza. Saa mbili kasoro dakika kumi, hivi."

Alisema hivyo, halafu akatambua alichosema. Mwalimu alikuwa bado amesimama kando ya kioo. Alikuwa na mengi ya kumwambia, aliyapanga njiani yote, mengine ya matusi. Alimwuliza tu kama simu yake ilikuwa na chaji. Inspekta akamwambia Mkuu asimame.

Kituoni, saa kumi na mbili kasoro robo, karatasi za kumwachia Kobe zilikuwa zinapigwa mihuri. Inspekta alikuwa ameshampigia simu mganga mkuu wa hospitali kuhusu muuguzi, na kwa sauti aliyotumia, askari wa zamu walijifanya wanatafuta mafaili. Mashine nyingine za kampuni ile zilikuwa zimeshachomolewa wodini. Mwalimu alitoka kwenye korido. Mama yake Kobe alikuwa bado pale pale, mfuko mapajani.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema. "Asubuhi ulinipa pole, sikuitikia."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa na uchungu."

"Bado ninao. Mwanao anatoka sasa hivi. Naomba unisamehe."

Mama alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. Inspekta akaja na tamko jipya la familia, limeachwa wazi jina la mtuhumiwa na sababu, akasema achukue muda wake, aandike hata kurasa kumi. Mwalimu alijaza jina. Kwenye sababu alifikiri kuhusu vali, orodha, wakaguzi na picha zilizopigwa, akaona hakuna haja, hayo Inspekta anayo kwenye daftari. Aliandika kwamba mashine ya kitanda namba tatu iliganda saa mbili na dakika sita. Akaandika kwamba mtuhumiwa alikumbuka saa mbili kasoro dakika kumi, na kwamba kutoka kwenye chai yake hadi simu ya wodi ni dakika moja. Kisha akatia sahihi.